Mibaruti ya Mpakani

“Basi ilijifyeka yenyewe,” Mahlon alisema. “Iliamka, ikasikia ibada inakuja, ikaona haya, ikajilaza chini.”

“Nilikuambia mara ya kwanza, na sasa nakuambia ya mwisho,” kaka yake Atlee alijibu. “Sijagusa upande wako wa waya.”

Kati yao lilisimama gari la mabenchi, lile gari refu la kijivu linalohama na usharika wao kutoka nyumba hadi nyumba, likibeba mabenchi, vitabu vya nyimbo na vikombe vya kahawa. Ibada iliyopita ilikuwa nyumbani kwa Atlee. Ya kesho, Jumapili, ilikuwa kwa Mahlon, na Atlee alikuwa amelileta gari kwa farasi wake wawili wakubwa, akitarajia kushusha mabenchi, kunywa chai ya mnanaa na kurudi kukamua ng’ombe wake. Badala yake mdogo wake alimpokea kwa mashtaka kabla hata hajashuka.

Drusila, mke wa Mahlon, alikuwa kibarazani na kitambaa na ndoo ya maji ya siki. Alikuwa akisugua kioo kimoja tangu ugomvi uanze. Kioo chenyewe kilikuwa kimeshang’aa zamani.

Aliyefyeka mibaruti alikuwa yeye.

“Mbele ya watu ulisema,” Mahlon aliendelea. “Tukiwa mezani kwako. Ulisema nisipoifyeka utakuja na mashine uifyeke mwenyewe.”

“Nilisema. Kusema si kufyeka. Ningekuwa natenda yote ninayosema, wewe ungekuwa umeshazama kwenye hori la ng’ombe tangu tukiwa watoto.”

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Mahlon hakucheka. Alisema ndani ya mibaruti mlikuwa na kiota, makinda watano waliobakiza siku chache tu waruke.

“Ndege,” Atlee alisema.

“Ndiyo, ndege.”

“Unaniita mwongo kwa sababu ya ndege?”

“Nakuita mwongo kwa sababu unadanganya.”

Neno hilo kwao si la kurushiana. Uso wa Atlee ulipauka. Kisha akawafungua farasi wake kutoka kwenye gari, taratibu, mnyororo mmoja mmoja, kama mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe. Alipomaliza alisema mabenchi ni hayo, wayakalie. Yeye, mke wake na watoto wake kesho wangebaki nyumbani. Hawezi kuimba nyimbo za Mungu ndani ya nyumba anayoitwa mwongo. Mahlon akamjibu kwamba asipokuja, shemasi atauliza sababu, na afadhali shemasi aisikie mapema. Akishamaliza kukamua angekwenda mwenyewe kwa shemasi huyo, Ura Hostetler, kumweleza.

Hapo ndipo Drusila alipohisi kitambaa kikimponyoka mkononi. Jambo likifika kwa shemasi haliwi tena la ndugu wawili. Shemasi atamwendea Atlee na shahidi. Atlee atakana, kwa kuwa hana cha kukiri. Na asiyekiri huletwa mbele ya waumini wote baada ya mahubiri, watoto wakiwa wametolewa nje, akaulizwa tena. Drusila aliwahi kumwona mtu mzima akiulizwa hivyo, na hakuwa amesahau jinsi shingo ya yule mtu ilivyokuwa nyekundu.

Atlee alipita mbele ya kibaraza akiongoza farasi wake, akamwinamishia kichwa kwa heshima kama kawaida, akasema, “Shemeji.” Naye akamwitikia kwa kichwa, kama vile hana habari yoyote duniani.

Katika usharika ule hakuna aliyemshinda Drusila kwa kusema wazi. Alikuwa amemwambia mke wa askofu kwamba tambi zake zinanata. Alikuwa amemwambia Ella, mke wa Atlee, kwamba watoto wake wanamdanganya mchana kweupe na yeye anafumba macho. Watu walimwogopa kidogo na kumwamini sana, na yeye alilijua hilo, na alilipenda kuliko alivyokubali. Sasa mwanamke huyo wa kusema wazi alikuwa amesimama na ndoo ya siki, ulimi umemganda mdomoni kama ukoko kwenye sufuria.

Ilikuwa hivi.

Kuandaa ibada kwao si kufagia tu. Ni wiki nyingi za kusugua kuta, kupaka banda chokaa, kuondoa samadi, kupalilia bustani mpaka kila jani lijue mahali pake. Wanawake wakifika hawasemi neno. Wanatazama. Wanatazama kingo za madirisha na chini ya jiko, na wakitoka chooni wanakuwa wameshajua wewe ni mtu wa namna gani.

Na pale mpakani, kati ya shamba la Mahlon na malisho ya Atlee, kando ya njia ambayo vigari vyote vya farasi vingepita, mibaruti ilikuwa imesimama kufikia kifua cha mtu, miiba tupu, vichwa vimepasuka na kumwaga sufi nyeupe kila upepo ulipopita. Atlee alilalamika kuwa sufi ile inabeba mbegu hadi kwenye malisho yake, na hakuwa mwongo. Mahlon aliilinda kama vile ni mahindi. Mwezi Juni alikuwa amemwomba Drusila asiiguse mpaka jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, ianguke. Drusila alikuwa anaanika nguo, vibanio mdomoni, akaitikia “mm, mm,” kwa sikio moja.

Alhamisi, Mama Saloma, mama yao Mahlon na Atlee, aliyeishi katika nyumba ndogo iliyoshikana na yao kwa nyuma, alikuwa akimsaidia kumenya matofaa. Bila kuinua macho alisema kwamba zamani zao mibaruti kwenye uzio ilikuwa alama ya kwamba mama wa nyumba ni mgonjwa. Akaendelea kumenya. Ganda la tofaa lilishuka refu bila kukatika.

Usiku kucha sentensi ile ilimchoma Drusila kuliko miiba yenyewe.

Ijumaa asubuhi alichukua fyekeo refu na kuushusha ukanda wote. Alifyeka vizuri, alikuwa mwana wa mkulima. Kuhusu ndege hakuwa na wasiwasi, kwa sababu kila mtoto anajua ndege hutaga majira ya kuchipua. Mbayuwayu wa bandani walikuwa wameshatoa makinda mara mbili. Wale wa kifua chekundu walikuwa wameacha hata kuimba. Ndege gani mwenye akili angeanza kujenga mwezi wa Agosti unapokaribia kwisha? Angeweza kuuliza, lakini wiki ile alikuwa amepiga marufuku habari za ndege. Mahlon, mtu wa maneno machache, akianza habari za ndege huwa chiriku mwenyewe, na binti yao Verna wa miaka kumi na mmoja alikuwa amefuata baba. Jumatatu Drusila aliwaambia: mpaka ibada ipite, hataki kusikia habari za ndege mezani. Walitazamana, wakanyamaza. Kwa hiyo hakuambiwa kuna kiota. Hakuambiwa kwamba Jumapili baada ya chakula Verna alikuwa amepanga kuwaonyesha binamu zake makinda kwa darubini ya baba yake.

Hayo yote yalikuwa kweli, na alijieleza hivyo mara nyingi. Kosa la kutojua, si zaidi. Lakini kama hakujua lolote, kwa nini aliacha fyekeo likiwa limeegemea mlango wa banda mpaka kigari cha Mahlon, aliyekuwa akienda kazini kwenye karakana ya samani, kilipopinda kona na kupotea? Swali hilo halikuwa na jibu zuri. Alikuwa amengoja aondoke. Mtu asiyejua hangoji.

Kiota alikikuta wakati wa kukusanya. Shina lilikuwa limelala, na kwenye panda yake kikombe kidogo kimekaza kama kilichoshonwa, kimefungwa kwa utando wa buibui na kutandikwa sufi ileile ya mibaruti. Shina lilianguka, kikombe hakikufumuka. Kiliinama tu. Makinda walikuwa ndani bado, wamebanana, midomo wazi. Ngozi ya shingo zao ilikuwa nyembamba hata mbegu walizolishwa zilionekana kwa ndani, zimejaa kama punje kwenye kifuko.

Alisimama nacho mkononi. Mapai yalikuwa jikoni yakingoja tanuri. Kwenye nguzo ya uzio palikuwa na kichaka cha miberi. Alikisukuma kiota ndani yake, chini, akakibana kati ya vijiti, akajiambia mama yao atakiona. Kisha akakusanya mibaruti yote akairundika, akaenda kuoka. Hakurudi kuangalia. Ijumaa ile Mahlon alirudi jioni mvua kubwa ikinyesha, hakutazama upande wa mpakani. Ila leo mchana yeye na Verna walikuwa wamekwenda huko na darubini, wakakuta vishina.

Baada ya Atlee kuondoka walikula mkate na supu ya maharage, kwa sababu siku kama ile hakuna anayepika. Verna alikuwa amelia mpaka pua imevimba. Alisema baba mkubwa Atlee ana roho mbaya. Drusila alingoja Mahlon amkemee, maana kwao mtoto hasemi hivyo juu ya mtu mzima. Mahlon hakukemea. Alikata mkate wake vipande vidogo na badala ya kukemea akaanza kumweleza mtoto, kwa sauti ya chini, kwa nini ndege wale walikuwa pale kwa wakati ule. Marufuku ya mezani ilikuwa imekwisha nguvu.

Alisema chiriku wa mibaruti hawachelewi. Wanangoja. Ndege wengine huwalisha watoto wao viwavi na wadudu, ndiyo maana hukimbilia majira ya kuchipua. Huyu hajui nyama. Mbegu tu, za mibaruti hasa, anazimenya na kuzilainisha kooni kabla ya kumpa kinda. Kwa hiyo anakaa na dume wake majira yote, yule wa manjano mwenye kofia nyeusi, wakiruka kwa mawimbi juu ya mashamba kama wasio na kazi, watu wakidhani ni wavivu. Mibaruti ikipasuka ndipo wanapoanza. Sufi wanatandika, mbegu wanalisha. Hata yule ndege mdokozi anayetaga kwenye viota vya wenzake hapati faida kwao. Kinda wake hufa kwa njaa kwenye kiota kilichojaa mbegu. Yote yamepangwa kwa mmea mmoja.

“Sasa watajenga tena?” Verna aliuliza.

Mahlon alisema huenda, ila muda umekwenda, na mibaruti yenyewe haipo.

Drusila alikuwa amewapa mgongo, akipanga mapai kwenye rafu. Yalikuwa mazuri. Yalikuwa yamepanda vizuri na kukauka rangi ya asali, na hakuweza kuyatazama.

“Mama,” Verna alisema, “wewe ulikuwepo jana. Hukumwona baba mkubwa?”

“Jana nilikuwa na mapai,” Drusila alisema.

Haukuwa uongo. Kila neno lilikuwa kweli, na alilipanga mwenyewe, upesi, bila hata kuhema. Alihisi joto likipanda kutoka kifuani hadi masikioni chini ya kofia yake nyeupe. Aliwahi kumchapa Verna kwa ujanja wa namna hiyohiyo.

Mahlon alitoka kwenda kukamua. Verna akaenda kukunja leso za meza. Muda mfupi baadaye Mama Saloma aliingia kutoka kwake bila kubisha hodi, kama alivyozoea, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakulizoea. Alikaa. Alichukua kisu na kuanza kukata matango kana kwamba ndilo lililomleta.

“Dirisha langu linatazama mpakani,” alisema.

Drusila aligeuka kutoka kwenye rafu ya mapai.

“Unafyeka vizuri. Mkono wako umenyooka.”

“Mama, kama uliniona, kwa nini hukutoka kuwaambia pale?”

“Kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa pale, mwanangu, na una mdomo.”

Kisu kiliendelea. Kisha yule mama mzee akaeleza mawazo yake, kwa sauti ya mtu anayepanga chakula cha kesho. Aliwazaa wale wawili, anawajua. Waligombania mbwa, waligombania shoka, waligombania nani alikuwa wa kwanza kumwona bundi. Wanapatana kila mara. Mwanamume husamehe ndugu yake kwa sababu hana mwingine wa kuchukua nafasi yake. Lakini mume akishamdharau mke wake, hiyo haiponi, inakaa kitandani katikati yao kama mtu wa tatu. Yeye angemwendea Atlee leo hii, amwambie akiri tu kwa shemasi, hata kama hakutenda, kwa ajili ya amani. Ni ndege. Neno moja la kukiri na yamekwisha. Atlee atamsikiliza mama yake.

“Akiri asilolitenda?” Drusila aliuliza.

“Wangapi wamefanya hivyo. Nyamaza, mwanangu. Kunyamaza nako ni unyenyekevu.”

Kilichomtisha Drusila si maneno yale. Ni jinsi yalivyomwingia. Kwa muda wa pumzi kadhaa aliyaona yakifanya kazi: Atlee akisema neno lake, shemasi akiridhika, mabenchi yakijaa, wanawake wakitazama kingo za madirisha yake na kuona hakuna vumbi. Aliyaona yote, na moyo wake ukatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Ndipo akajua amefika wapi.

Alisema anakwenda kuangalia kuku. Mama Saloma alimtazama, akasema kuku wako upande ule mwingine, kisha akarudi kwenye matango yake.

Mpakani jua lilikuwa bado juu ya kilima. Vishina vilikuwa vimekatwa sawasawa, kazi safi, mtu yeyote angeisifu. Rundo lilikuwa limenyauka na kumwaga sufi yake yote ikatapakaa chini kama manyoya ya kuku siku ya sikukuu. Drusila hakwenda kwenye kichaka mara moja. Alisimama njiani, kwa sababu ndege alikuwepo.

Alikuwa jike, wa rangi ya majani yaliyokauka, mtu hangemtazama mara mbili. Alikuja kutoka upande wa Atlee kwa mawimbi yale yao, akashuka, akafika mahali fulani juu ya vishina, kama kimo cha kifua, na hapo akapigapiga mbawa palepale hewani. Hapakuwa na kitu. Akazunguka, akatua kwenye waya, koo limejaa. Akajaribu tena. Mahali palepale, kimo kilekile. Alikuwa anatua kwenye panda ya mbaruti ambao haupo. Kichaka cha miberi kilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na hakukitazama hata kidogo. Hakuwa anatafuta watoto popote walipo. Alikuwa anakwenda nyumbani.

Drusila alipiga magoti kwenye kichaka na kuuingiza mkono. Kiota kilikuwa kilekile, kimekaza, hakikuwa na doa la kufumuka, na mvua ya jana ilikuwa imesimama ndani yake kama maji kwenye kikombe. Kilikuwa kimefumwa vizuri kiasi hicho. Mama yao angekuwepo angekifunika kwa mbawa zake. Makinda walikuwa chini ya maji.

Hakulia. Alikuwa mtu wa kazi, na machozi hayakuwahi kumsaidia kwa lolote. Aliyamwaga maji polepole, akashika kiota kwa mikono miwili na kukiweka kwenye aproni yake. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na hapakuwa na soko wala mtu, jike tu kwenye waya. Hakuna hata mwanamke mmoja aliyekuwa amefika kutazama madirisha yake, na tayari alikuwa ameonekana.

Kutoka uani alisikia mlango wa kibanda cha vigari ukisukumwa na kwato za farasi zikigonga sakafu. Mahlon alikuwa amemaliza kukamua. Barabara ya kwa shemasi hupita mbele ya nyumba ya Atlee, na kwa mguu, ukikata malisho, Atlee yuko karibu zaidi.

Angeweza kurudi uani. Angemwambia mumewe pembeni, kwa upole, ndani ya kibanda, wawili tu. Mahlon angelinyamazia, kama alivyonyamazia mambo yake mengi, na kesho angetafuta maneno ya kumwambia kaka yake kuwa kulikuwa na kutoelewana. Jina la Drusila lisingetajwa. Aliliona hilo pia.

Aliinua waya, akapita chini yake. Gauni lilinasa, akalivuta likachanika, akaendelea. Alitembea kwenye malisho ya Atlee kwa mwendo wake wa kila siku, ule wa mwanamke mwenye mambo mengi, mkono mmoja umeshika ncha za aproni. Alipotokea barabarani Ella na binti zake walikuwa kwenye kibaraza wakikoboa maharage mabichi, na Atlee alikuwa langoni akisuuza makopo ya maziwa. Wote walimwona. Ella aliinuka nusu, akakaa tena. Hakuna aliyemkaribisha.

Kigari cha Mahlon kilikuwa kinakuja, farasi akikimbia vizuri. Drusila alisimama katikati ya barabara. Mahlon alivuta hatamu mpaka farasi akageuza shingo.

“Drusila, toka njiani.”

“Hapana.”

“Kuna nini nyumbani?”

“Nyumbani hakuna kitu. Shuka.” Sauti ilitoka kavu, lakini ilitoka, na alipoanza hakutaka kuiacha ipumzike. “Ni mimi niliyefyeka. Jana, ulipopinda kona. Nilingoja uondoke kwanza, Mahlon, kwa hiyo usije ukanitetea kwamba sikujua.”

Akafungua aproni. Alimgeukia Atlee, ambaye alikuwa bado ameshika kopo, maji yakimwagika kwenye viatu vyake.

“Shemeji, umeitwa mwongo mbele yangu, na mimi nilikuwa nasugua dirisha. Ukaniaga, nikakuitikia. Nilifyeka ili wanawake wasinione vibaya. Ella, nawe ni mmoja wao, kwa hiyo sikia vizuri.”

Ella alikuwa amesikia. Binti zake walikuwa wamesikia. Harage moja lilianguka kwenye sakafu ya mbao, likasikika pia.

Atlee aliweka kopo chini. Alisogea mpaka akafika, akavua kofia yake ya majani kama anavyovua mtu akiingia penye msiba, akainama akatazama ndani ya aproni. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ambavyo Drusila alidhani mtu wa malisho angeweza kutazama ndege.

“Wewe ungeniambia pale kwenye gari, shemeji,” alisema.

“Ningekuambia. Niliona haya.”

“Na sasa?”

“Sasa naona zaidi.”

Mahlon alikuwa ameshuka. Alifunga hatamu kwenye nguzo ya lango la kaka yake, akakosea fundo, akalifunga upya. Hakumtazama mke wake. Alipita mbele yake, karibu kiasi kwamba koti lake liligusa aproni, akaenda kusimama mbele ya Atlee, na Drusila alimwona shingo yake kwa nyuma jinsi ilivyokuwa nyekundu mpaka kwenye nywele.

“Kaka,” Mahlon alianza.

Atlee hakumsaidia. Alingoja aseme yote.

Drusila alibaki katikati ya barabara na aproni yake wazi, Ella na binti zake wakimtazama, naye hakuifunga.